Frelimo ya Samora: iliuliwa na Renamo au ilijimaliza yenyewe?

Wadau, jana kijiweni Kariakoo tulibishana nusura tugombane, kuna mzee kasema Frelimo ya kijamaa, chama tawala cha Msumbiji enzi za Rais Samora Machel, iliuliwa na waasi wa Renamo na makaburu wa Afrika Kusini basi, wenyewe hawana kosa lolote. Mimi nakubali nusu.

Vita sikatai. Renamo iliundwa na usalama wa Rhodesia, 1980 makaburu wakaichukua, shule zikachomwa, zahanati zikachomwa, mpaka Samora akaenda kusaini mkataba wa amani wa Nkomati na makaburu 1984 na bado mapigano yakaendelea hadi 1992. Hapo niko na mzee kabisa.

Ila angalieni 1983. Frelimo wakaanzisha Operesheni Uzalishaji, watu wanasimamishwa mitaani Maputo, huna karatasi ya kazi wala ya makazi unapandishwa ndege mpaka Niassa kule kaskazini ukalime pori, yani mtu katoka asubuhi kwenda sokoni na nyumbani hawajui kapelekwa wapi. Hiyo nayo Renamo ndo waliwatuma? Na vijijini nako, watu kuhamishiwa vijiji vya pamoja watake wasitake, machifu kufutwa, matambiko yao yanaitwa ushirikina, na hao ndo wakulima waliowabebea wapiganaji chakula na risasi kichwani wakati wa Mreno!

Inaniuma kwa sababu hiki chama kimezaliwa hapahapa Dar, Juni 1962, na Mondlane, rais wake wa kwanza, kafia hapahapa 3 Februari 1969, kafungua kifurushi cha kitabu kwenye nyumba moja Oysterbay kumbe ndani bomu. Marehemu babu yangu, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, kadi yake ya chama aliifunga kwenye nailoni akaiweka chini ya godoro mpaka anakufa.

1989 wakauacha Umarx, sawa, dunia ilibadilika. Lakini baadae ikaja ile mikopo ya siri ya kama dola bilioni 2, na baada ya uchaguzi wa Oktoba 2024 watu Maputo wakawa wanapiga masufuria madirishani usiku kupinga matokeo. Kiti bado wanacho, ila kijana wa pale anawaona kama babu yangu alivyomuona Mreno.

Wenye wazazi waliopita Kongwa au Nachingwea, zile kambi za wapiganaji wa Frelimo hapa kwetu, wao wanasemaje kuhusu 1983? Mzee kanijibu eti nilikuwa sijazaliwa. Kweli, lakini waliopandishwa zile ndege walikuwepo.