Naomba ushauri: mama anatumia furosemidi, sasa anabanwa na misuli

Habari zenu wapendwa. Mama yangu ana presha, na miguu ilikuwa ikimvimba, daktari akamwanzishia furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, miligramu 40 kila asubuhi. Uvimbe umepungua kweli, viatu vinaingia tena. Lakini wiki hii anabanwa na misuli ya miguu usiku, na akiinuka ghafla anapata kizunguzungu. Najua dawa hii hutoa potasiamu, madini ambayo misuli inayahitaji, kupitia mkojo, ndiyo maana naogopa. Halafu nimegundua anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti, kumbe inaweza kupandisha presha na kuumiza figo! Kesho nampeleka kwa daktari. Sitamwachisha dawa kwa uamuzi wangu. Mliopitia haya, zaidi ya potasiamu na figo, niulizie vipimo gani?