Naomba ushauri: kifungu cha mali kauli kwenye mwongozo wa sanaa za ufundi

Wakuu, heshima kwenu. Tunaandaa mwongozo wa utendaji kwa wachoraji na maduka ya sanaa hapa Dar. Kinachotusumbua ni mali kauli, yaani msanii anaacha kazi dukani na kulipwa ikishauzwa. Rasimu inataka hati ya mapokezi yenye picha ya kazi, vipimo, bei ya msanii, asilimia ya duka, na malipo ndani ya siku 30 baada ya mauzo.

Tatizo ni uharibifu. Picha ya Tingatinga (mtindo wa uchoraji wa hapa Tanzania) ikiviringishwa upande wa rangi ukiwa ndani, rangi hujikunja na kupasuka. Hasara abebe nani, duka au msafirishaji?

Halafu kuna wanaodhani kununua picha ni kununua na hakimiliki, wakaichapa kwenye fulana! Katazo liandikwe kwenye risiti yenyewe, au mkataba wa pembeni?

Na isiyouzika, irudishwe baada ya miezi mingapi?