Binti yangu (11) anataka kuigiza kama Millie Bobby Brown, baba yake anataka tuhamie Marekani. Ushauri jamani

MamaZ_Leicester: Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri, kejeli wekeni pembeni. Tangu binti aangalie Stranger Things, ile tamthilia ya huyo Millie, haambiwi hasikii, ni kuigiza tu. Jana nimetundika kanga ukutani chumbani kwake tukarekodi video ya odishen (usaili wa kuigiza) kwa simu, mimi namsomea maneno ya polisi kwa Kiingereza changu cha Tanga, mara mtoto akalia machozi ya kweli kabisa mpaka nikashtuka nikazima simu, nikaja kuambiwa mama umeniharibia. Sasa baba yake kasikia wazazi wa Millie walimpeleka Los Angeles angali mdogo, anasema tuuze nyumba. Na kuna agenti kanipigia anataka pauni 600 za picha kwanza. Nifanyeje?

BwanaMipango: Mwambie mzee amalizie hadithi. Wale hela iliwakatikia huko wakarudi Uingereza. Tamthilia ya Game of Thrones nao walimpiga chini Millie, akataka kuacha kabisa, ndo Stranger Things ikatokea, ikatoka 2016 ana miaka 12. Sasa nyie mkikwama huko mnarudia nyumba gani?

DaSauda: Los Angeles ya nini shoga? Bella Ramsey, mwigizaji wa tamthilia ya The Last of Us, kazaliwa Nottingham, hapo puani kwako Leicester, kapitia Television Workshop, kikundi cha kufundisha vijana kuigiza, na Vicky McClure wa tamthilia ya Line of Duty katokea humohumo. Wana odishen zao, mpeleke akajaribu. Huyo wa 600 mblok, agenti wa kweli anakula kamisheni mtoto akishalipwa.
Halafu kanga toa, weka shuka la rangi moja, macho yote yanaenda kwenye maandishi.

Kijukuu: Wangu alicheza tangazo. Wenye kazi ndo wanamuombea leseni kaunsili, lazima awe na wewe au msimamizi mwenye kibali, umri huo mwisho saa 5 za kuigiza kwa siku na masomo yapo palepale. Kazi yenyewe ni kusubiri, beba uji kwenye chupa.

MamaZ_Leicester: Asanteni sana. Agenti nishamblok. Mzee nimemsomea jibu la BwanaMipango kanuna, kaenda kuosha gari saa tatu usiku. Leo tunarekodi upya, kanga nimeitoa, kumbe muda wote mtoto analia chini ya HASIDI HANA SABABU 😂😂