Nimechoka kulipia mahema ambayo sijawahi kulala ndani yake

Wanajukwaa, hamjambo. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, kwa hivyo mniwie radhi nikirefusha maneno. Huu ni mwaka wangu wa tatu katika duka la vifaa vya kupiga kambi na kupanda milima hapa jijini Nakuru, ambalo sitalitaja jina, na jana jioni mshahara wangu wa shilingi 18,000 uliingia kwenye simu ukiwa umebaki 11,300. Sikuchukua mkopo, sikukosa kazini hata siku moja, wala sikuvunja kitu. Nimekatwa kwa sababu ya hema.

Kwa asiyeijua kazi yetu, duka huuza mahema, mifuko ya kulalia, buti, mikoba ya mgongoni na majiko madogo ya gesi, lakini pesa nyingi hutokana na kukodisha, kwa kuwa wanafunzi na vijana wa makanisa wanaokwenda kulala Menengai au kupanda Longonot hawana sababu ya kununua hema la bei ghali kwa ajili ya usiku mmoja. Hema hutoka Ijumaa likiwa safi, likarudi Jumapili jinsi Mungu alivyojalia. Mwezi uliopita moja lilirudi likichuruzika maji, maana mvua ilinyesha usiku kucha. Yeyote aliyewahi kushughulika na mahema anajua kwamba likikunjwa likiwa na unyevu, baada ya siku chache tu huota kuvu, na likizoea kuhifadhiwa hivyo, ule utando wa ndani unaozuia maji huanza kunata na kubabuka, na harufu yake haitoki hata ulifue mara ngapi. Nilimwomba mwenye duka ruhusa ya kulianika kwenye ua wa nyuma. Alinijibu kwamba ua ule ni wa kuegesha gari lake na kwamba yeye hakufungua dobi. Hema likasukumwa stoo ndani ya mfuko wake, chini ya mengine. Wiki mbili baadaye mteja alilifungua mbele ya kaunta, tukaona madoa meusi kuanzia sakafuni hadi darini, na mteja akaondoka akiwa ameziba pua. Hasara hiyo tumegawiwa sisi wawili tuliolipokea, shilingi 6,700 kila mmoja.

Na si mara ya kwanza. Vumbi la Nakuru mnalijua: ni la volkano, laini kama unga, na likiingia kwenye meno ya zipu huyasaga polepole hadi kile kishikizo kinateleza bila kufunga chochote. Hilo si kosa la mteja wala la mfanyakazi, ni uchakavu wa kawaida, na fundi wa viatu aliye barabarani hubadilisha kishikizo kwa bei ya chakula cha mchana. Sisi hukatwa shilingi 1,500 kwa kila zipu. Kigingi kimoja kikipotea, tunakatwa. Nguzo ikipasuka mikononi mwa mtu aliye kilomita nyingi kutoka dukani, tunakatwa, ilhali amana aliyoiweka mteja kwa ajili ya uharibifu huo huo haishuki kamwe mikononi mwetu. Kwa hesabu yangu, hema moja hulipiwa mara mbili.

Halafu kuna habari ya buti. Mwenye duka alinunua shehena ya buti zilizokaa ghalani miaka mingi, kwa sababu zilikuwa rahisi na kwa macho zilionekana mpya kabisa. Tatizo la buti za namna ile ni kwamba sponji iliyo katikati ya soli huoza yenyewe kwa unyevu wa hewa hata kama hazijavaliwa; ukiibonyeza kwa kidole gumba utaiona ikifanya nyufa. Nilimwonyesha. Akaniambia nibonyeze kidogo na niuze zaidi. Nikauza, na hilo ni langu, sitalikwepa. Binti mmoja wa chuo alizivaa Longonot, mlima wa mita 2,776 wenye njia ya changarawe inayoteleza, na alipofika ukingoni mwa kreta soli zote mbili zilikuwa zimebanduka. Alishuka na soli zimefungwa kwa kamba za viatu vya wenzake. Alirudishiwa pesa zake, kama ilivyostahili, nazo zikatoka kwenye mshahara wangu chini ya jina la "mauzo mabaya".

Tukilalamika tunaambiwa kwamba sheria inaruhusu kukata hadi theluthi mbili. Nimeisoma Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na kifungu cha 19 hakisemi hivyo. Kinasema mwajiri anaweza kukata kiasi cha kadiri kwa mali iliyoharibika au kupotea kutokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Theluthi mbili ni kikomo cha makato yote halali yakijumlishwa, si kibali cha kujichotea. Ni lini niliotesha kuvu kwa makusudi? Sheria hiyo hiyo inanipa siku moja ya mapumziko katika kila saba, na hiyo pia huipata msimu wa kambi ukiisha, ndiyo maana nauza vifaa vya Longonot na sijawahi kuipanda.

Ninachotaka kutoka kwenu ni hiki. Kama kuna mtu hapa aliyewahi kupeleka mashtaka ya makato kwa afisa wa leba, hasa hapa Nakuru, aniambie alikwenda na ushahidi gani, kwa sababu sisi hatupewi hati ya malipo inayoonyesha kilichokatwa na sababu yake, ingawa sheria inaidai. Nilicho nacho ni jumbe za M-Pesa za miezi yote, pamoja na daftari la kukodisha, ambalo leo asubuhi kabla ya kufungua duka nimelipiga picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na ule mstari wa Jumapili nilioandika kwa mkono wangu: "Limerudi na maji. Nimeomba kulianika. Nimekatazwa."