Ukoo wa Mvumi: zawadi za Krismasi

Shangazi Mkubwa: Wanangu, hamjambo? Nimepita soko la Sabasaba hapa Dodoma leo, watu wameshaanza kujaa. Naomba tuyaongee ya zawadi mapema, kabla kila mtu hajaanza kununua kivyake.

Mama Neema: Shikamoo shangazi. Afadhali umelianzisha. Mwaka jana kuna nyumba ziliingia Januari na madeni ya vitenge.

Shangazi Mkubwa: Marahaba mwanangu. Tuko watu wazima 12 bila Bibi. Kila mmoja akimnunulia kila mwenzake, hizo ni zawadi 132! Napendekeza tupige kura, kila mtu apate jina moja, zawadi moja, isizidi 15,000.

Baba Neema: Shangazi, 15,000 si ndogo hiyo?

Shangazi Mkubwa: Inatosha baba. Waliopata majina ya akina mama waungane, waende pamoja soko la Majengo kwa wauzaji wa jumla. Khanga ukichukua doti kadhaa bei inashuka, ya mojamoja ndiyo inayoumiza.

Anko Yona: Mimi nakuja na treni tarehe 22, tiketi nakata wiki hii maana sikukuu ikikaribia zinaisha. Mwenye oda ya Kariakoo atume hela kwanza, na iwe kitu chepesi.

Da Eliza: Na watoto? Msiniambie madaftari, mtoto hachezi na daftari siku ya Krismasi 😢

Mama Neema: Nguo mpya ya kanisani lazima, hilo sibishani nalo. Ila viatu tununue vyeusi vya kamba. Tarehe 25 anavaa kanisani, Januari anaendea shule. Ada serikali ilifuta 2016, lakini sare, viatu na begi ni vyetu, na vyote vinakuja mwezi mmoja.

Da Eliza: Hapo kwenye viatu umenipata. Na mpira mmoja wa wote, wacheze uani kwa Bibi.

Baba Neema: Mpira nauleta mimi.

Neema: Shikamooni wote. Niko na Bibi hapa. Anasema msimletee blanketi, anazo nne. Anataka mbegu ya mtama, aina ya Macia, na kijana wa kumsaidia kulima.

Anko Yona: Mama yangu huyo 😍

Shangazi Mkubwa: Basi ya Bibi tuchange 5,000 kila mmoja, inakuwa 60,000. Na hii haisubiri tarehe 25. Mvua ikianza na mbegu haipo, zawadi hiyo itamfaa nini? Nitanunua duka la pembejeo, mfuko wenye lebo ya TOSCI, wale wa serikali wanaothibitisha ubora wa mbegu, si ya kupimiwa kwenye kopo sokoni. Itakayobaki ni ya kijana wa kulima. Mwisho Ijumaa.

Mama Neema: Neema, andika majina kwenye vikaratasi, Bibi avute, kisha umtumie kila mtu jina lake pembeni. Si humu.

Neema: Sawa mama.

Baba Neema: Shangazi nimetuma 10,000, yangu na ya Mama Neema.

Shangazi Mkubwa: Imeingia baba. Bado watu kumi.