Wanachama 2, wageni 1,340: jukwaa letu nilifunge au niliache?

mshika_spana (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Naendesha jukwaa dogo la pikipiki za zamani, zile za kabureta. Nilijiunga 2008 kama mwanachama wa kawaida. Mwaka 2011 mwanzilishi aliniachia nywila, akasema "shikilia kidogo, narudi". Hajarudi. Sasa mkataba wa seva unaisha mwezi ujao, na kwa mara ya kwanza mkono unakuwa mzito kuulipia.

Hali yenyewe ni hii. Chini kabisa ya ukurasa wa mbele kuna kile kimstari kinachoonyesha nani yuko mtandaoni. Jana usiku kilisomeka: wanachama 2, wageni 1,340. Ukipita haraka utadhani tuna sherehe. Wageni hao ni maroboti tu, yanakomba kurasa usiku kucha, mengine yanafungua ukurasa uleule mara arobaini mpaka seva inahema. Wanachama wawili, mmoja ni mimi. Wa pili huingia kila siku saa nne usiku, hakuti chochote kipya, anakaa dakika chache, anatoka. Hatujawahi kusemeshana.

Watu hawajafa, wala pikipiki hazijaisha. Wamehamia kwenye grupu la WhatsApp, na mimi nimo. Tuko mia nane na ushee humo, simu haipumziki. Wiki iliyopita kijana mmoja aliuliza: "Wakuu, pikipiki yangu ikishapata moto inazimika. Nikiiacha dakika kumi inawaka kama kawaida. Tatizo nini?" Majibu yakaja chapuchapu. Badilisha plagi. Badilisha kabureta. Uza hiyo, nunua nyingine. Mmoja akaweka kikaragosi kinacholia kwa kicheko. Ikafuata picha ya maua ya "asubuhi njema", kisha sauti ya dakika nne ambayo sidhani kama kuna aliyeisikiliza, na swali likazama hivyo.

Sasa lile swali lina jibu. Liko kwangu tangu Machi 2010, kwenye uzi wenye kurasa sita. Mzee aliyejibu hakuanza kwa kubadilishisha vitu. Aliandika hivi: "Siku itakapozimika tena, usiguse kabureta. Fungua kifuniko cha tangi polepole, utege sikio. Ukisikia *fsss*, tundu la pumzi la kifuniko limeziba. Petroli inatoka, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, mwisho petroli inagoma kushuka. Ukiiacha, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, ndiyo maana inawaka tena. Usiposikia kitu, funga kifuniko vizuri kwanza, usije ukajiunguza, kisha chomoa plagi wakati injini bado ya moto, iguseshe kwenye chuma cha injini, upige kiki. Cheche ikiwa hafifu au haipo, mshuku koili."

Muulizaji alirudi baada ya siku nne na mstari mmoja: "Mzee, imepiga fsss." Akazibua kwa sindano. Hakununua hata skrubu.

Nilimtumia yule kijana kiungo cha uzi. Akajibu, "Mkuu ni ndefu, nifupishie." Nikamfupishia. Akaniwekea dole gumba. Kesho yake akaingia mtu mwingine na swali lilelile.

Kwa hiyo nauliza wenye uzoefu: kuna aliyewahi kulifufua jukwaa lililofika hapa? Na kama ni la kuzikwa, linazikwaje bila kufukia na yaliyomo?

---

kurasa_njano

Pole mkuu. Wakubwa kuliko wewe wamekwenda. Ubao wa majadiliano wa IMDb, ile tovuti ya filamu, ulifungwa Februari 2017. Yahoo Groups ilifutiwa yaliyomo kwanza, ikazimwa kabisa 15 Desemba 2020. Yahoo Answers ikafuata 4 Mei 2021. Usenet, mtandao wa majadiliano ulioanza 1980 kabla hata wavuti haujazaliwa, bado unapumua, lakini Google Groups iliacha kupokea ujumbe wake mpya Februari 2024. Na mwaka huohuo Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, walitoa hesabu yao: kurasa za wavuti zilizokuwepo 2013, asilimia 38 hazipatikani tena miaka kumi baadaye. Jukwaa la 2008 ambalo bado linafunguka ni kikongwe, lipe heshima yake.

Mimi grupu halinikeri kwa kelele zake. Kelele zilikuwepo hata kwenye majukwaa, tusidanganyane. Kinachonikera ni ukuta. Discord, programu ya magrupu ya soga, ilipoanza 2015 jamii nyingi za mambo ya kiufundi zilihamia huko moja kwa moja, na injini za utafutaji haziingii humo. WhatsApp vivyo hivyo. Grupu likijaa watu 1,024 mlango umefungwa, na anayeingia leo hana njia ya kuona mlichojadili mwaka jana. Yule kijana wako angekuwa peke yake barabarani usiku, injini imezima, angeandika tatizo lake kwenye simu na kumkuta mzee wa 2010 anamsubiri. Jibu hilohilo likiwa ndani ya grupu, asiye mwanachama hana hata namna ya kujua kwamba lipo.

---

nilifungiwa_2012

Mimi sitalia na nyie. Samahani.

Swali langu la kwanza kabisa kwenye jukwaa lilikaa hewani dakika kumi na mbili. Jibu la kwanza: "Tumia kitufe cha kutafuta." La pili: "Limeshajibiwa", na kiungo. Nikabonyeza kiungo, ukurasa hakuna. Nikarudi kuwaambia kwamba ukurasa hakuna, nikakuta uzi umepigwa kufuli. Nikafungua uzi mwingine kuuliza kwa nini ule umefungwa, nikafungiwa mimi mwenyewe wiki mbili. Jina langu humu linatokana na siku hiyo.

Grupuni wanatoa majibu ya ovyo, nakubali. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia nikatafute kwanza. Mtu akiwa na shida anakwenda anakopokelewa, hata kama aliyempokea hajui kitu.

Angalieni Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu. Ilianza 2008, ikawa ndiyo kitabu cha waandishi wa programu dunia nzima, na 2018 wenyewe walikiri hadharani kwamba si mahali panapokaribisha wageni. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 maswali mapya yakaporomoka. Mnashangaa nini? Mashine haimwambii mtu swali lake ni la kijinga. Inaweza kumdanganya, lakini inamdanganya kwa adabu. Na kilichonichekesha zaidi, elimu yenyewe imeiokota kwenye nyuzi hizohizo mlizokuwa mnazipiga kufuli.

---

mshika_spana (mleta uzi)

@nilifungiwa_2012 nimesoma ujumbe wako nikaenda kuangalia kumbukumbu za uongozi. Kati ya 2012 na 2014 nimefunga nyuzi 61 kwa neno moja, "limeshajibiwa". Sitini na moja! Wakati ule nilijiona mtunza maktaba, nasafisha rafu.

Nikafungua chache nizisome upya. Mmoja alikuwa anauliza hilihili la pikipiki kuzimika. Nilimpa kiungo cha mzee, nikafunga. Leo ndiyo nimesoma mpaka mwisho: pikipiki yake ilikuwa inazimika *mvua ikinyesha*. Hilo halihusiani kabisa na kifuniko cha tangi. Pengine ni waya wa plagi uliopasuka, maji yanaingia, umeme unatorokea njiani. Angeulizwa swali moja tu angepona. Hakuandika tena kwetu.

Sikuja hapa kusikia hayo, ila ni haki yangu.

Bado nabishana nawe sehemu moja. Ukali wetu uliwafukuza wageni, sawa. Lakini wale wazee waliojibu kwa aya nane hawakufukuzwa na mtu. Waliacha wenyewe. Nilimuuliza mmoja, akaniambia kwamba kwenye grupu aliwahi kuandika maelezo marefu, saa moja nzima kwenye simu kwa kidole kimoja, na jioni yake hakuweza kuyapata hata yeye mwenyewe. Tangu hapo naye anaandika "badilisha plagi".

---

seva_ya_uani

Naona mnachimba saikolojia, ngoja nijibu lililoulizwa.

Kufufua: sijawahi kuona likifanikiwa pale ambapo watu wameshazoea kwingine. Nimejaribu mara mbili. Ya pili tuliandaa hadi mashindano. Wiki mbili za shamrashamra, kisha kimya.

Kuzika: usilizime, ligandishe. Jukwaa hai linahitaji PHP, yaani lugha ya programu inayoliendesha, na hifadhidata, na vyote viwili vinazeeka vibaya. PHP 8 ilipotoka mwishoni mwa 2020, programu nyingi za zamani ziligoma kuwaka, na zisizohuishwa ndizo mlango wa wadukuzi. Ukizigeuza kurasa zote kuwa HTML tupu hakuna cha kudukua, na hata hao wageni wako 1,340 hawataichosha seva, maana inatoa mafaili tu bila kukokotoa kitu.

Chombo ni wget, programu ya kunakili tovuti. Kwanza zuia usajili na uandishi. Kisha ivune tovuti ukitumia --mirror, --convert-links na --page-requisites, na uweke --wait=1 usije ukajiangusha mwenyewe. Muhimu, na hapa ndipo wengi wanaumia: programu nyingi za jukwaa zinabandika namba ya kikao kwenye viungo, ile "sid=". Usipoikataa kwa --reject-regex, wget itaona ukurasa mmoja kama kurasa elfu na diski itajaa kabla ya alfajiri. Kataa pia kurasa za kuandikia jibu, za kutafuta na za wasifu wa wanachama. Baadaye kagua nyuzi ishirini kwa mkono. Usiamini tu kwamba imemaliza bila kosa.

Hifadhidata yenyewe weka nakala moja nyumbani, usiiachie mtu. Ina barua pepe za watu na ujumbe wao wa faragha. Halafu kurasa muhimu ziingize pia kwenye Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za wavuti, ili siku ukichoka kulipa kuwe na pengine.

Swali moja: picha zenu zilikuwa zinakaa wapi? Kama ni kwa watu wengine, jiandae kisaikolojia.

---

mshika_spana (mleta uzi)

Umegusa kidonda.

Yule mzee ana uzi mwingine, wa kufungua kabureta hatua kwa hatua, picha 14. Nadhani ndio uzi bora tulionao. Picha zote alizipandisha kwenye huduma moja ya bure, kama tulivyofanya wote. Mwaka 2017 wakabadili masharti, wakataka karibu dola 400 kwa mwaka ili picha zionekane kwenye tovuti nyingine. Siku moja nikaamka, jukwaa zima picha zimegeuka kibao kilekile cha kumtaka mtu alipie. Kwenye huo uzi kimejipanga mara 14, kimoja chini ya kingine.

Maneno yake yamebaki. "Angalia mshale mwekundu kwenye picha ya 9, hapo ndipo kila mtu anakosea." Mshale haupo, na mimi miaka yote hii sijui kila mtu anakosea wapi. Mzee mwenyewe aliingia mara ya mwisho 2015. Barua pepe yake inarudi.

---

msomaji_kimya

Nimejisajili sasa hivi kwa ajili ya hili tu, mnisamehe kama nakosea utaratibu.

Mshika_spana, jukwaa lako nalijua. Nimelisoma tangu 2010, sikuwahi kuandika hata neno moja, niliogopa kuambiwa nitafute kwanza. Huo uzi wa kabureta niliuhifadhi kwenye kompyuta mwaka 2013, ukurasa mzima pamoja na picha, kwa sababu gereji yangu haina mtandao. Nimekwenda kuangalia kwenye diski ya zamani. Picha zipo 11.

Ya 9 ipo. Ni boya la kabureta, mshale unaonyesha kile kiulimi kidogo kinachosukuma sindano. Inaonekana watu walikuwa wanakipinda wakati wa kulirudisha boya. Ila mshale si mwekundu, ni wa rangi ya chungwa.

---

mshika_spana (mleta uzi)

Ndugu yangu. Miaka yote hiyo umo ndani na hukubisha hodi hata mara moja.

Nitumie zote, na usizipunguze ukubwa. Kwa seva_ya_uani: nimelipia miezi mitatu, si mwaka. Usajili nimeshaufunga, wget nitaianza Jumamosi, na hiyo sid= nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani. Nyuzi 61 nimezifungua kufuli kabla ya kugandisha. Najua haina maana yoyote sasa, hakuna wa kujibu humo, lakini sikutaka zihifadhiwe zikiwa zimefungwa.

Picha zinazokosekana ni ya 4, ya 12 na ya 13. Kwa maelezo ya mzee, ya 4 ni jeti ndogo, kile kipande chenye tundu la kupitishia petroli, akiwa ameishika mbele ya mwanga, unaona tundu lake limeziba nusu. Mwenye nayo popote alipo, hata kama ni kipande, naiomba.

Saa nne usiku yule mwanachama wa pili akiingia nitamuuliza na yeye.