Familia ya Koko: kiwanja cha Keshero

Neema, 19:02
Jambo yenu bote. Nimepata kiwanja Keshero, hapa Goma, chini ya barabara, upande wa ziwa. Bei ni nusu ya kile cha jirani. Komisioneri, yule dalali, anasema mwenye kiwanja anasafiri, njo anataka kuuza mbio.

Christian, 19:04
Nusu ya bei, karibu na ziwa? Lipa kabla hajabadilisha akili 😂

Tantine Faida, 19:09
Neema mama, kiko mu shimo?

Neema, 19:10
Kimeshuka kidogo, Tantine. Lakini kiko safi, majani yenyewe yamekauka, hata kufyeka hakuna.

Tantine Faida, 19:11
Majani yamekauka na mvua hii yote?

Yaya Bahati, 19:13
Neema, Koko, mzee wetu, alikuwaka anatuambia nini asubuhi, tukitoka na bidoni kwenda kuvuta mayi?

Neema, 19:15
"Mupitie juu, hapana kuinama." Lakini Yaya, ile ilikuwa ya kuogopesha batoto.

Yaya Bahati, 19:24
Ya kuogopesha, ndiyo, na ilikuwa ya kweli. Koko hakukaa darasani hata siku moja. Alituamuru tu: mupite barabara ya juu hata kama ni mbali. Kiatu kikifunguka bondeni, tembea nacho hivyo hivyo mpaka upande, njo ufunge. Na ukiona mbuzi amelala mu shimo hasimami, usimfuate, hata kama ni wa kwetu. Hiyo ya mbuzi njo ilinisumbua, juu mbuzi alikuwa karo ya muhula.

Nimekuja kuelewa nikiwa mwalimu. Mazuku ni gesi, kabonidioksidi, inatoka chini ya mawe ya volkano. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inashuka na kutulia mashimoni. Usiku hakuna upepo, inajaa. Jua likipanda na upepo ukianza, inapungua. Ndiyo maana Koko alisisitiza asubuhi. Inaanza na kuku, halafu mbuzi, halafu mutoto. Ni urefu tu. Mama amesimama, kichwa kiko juu ya gesi, anaona yuko salama. Mutoto amemushika mkono, yeye yuko ndani yake.

Christian, 19:26
Eh Mungu. Na sisi tulicheza kujificha kule.

Tantine Faida, 19:28
Mulicheza mchana. Asubuhi nilikuwaka nyuma yenu na fimbo.

Neema, 19:31
Sawa, lakini Koko huyo huyo alisema ukipiga mluzi usiku nyoka anaingia nyumbani. Na ukifagia usiku unatupa baraka inje. Nifuate zote?

Yaya Bahati, 19:33
Ile yenye tuliona mbuzi amekufa, fuata. Yenye nyoka hatujamuona mpaka leo, piga mluzi.

Christian, 19:34
😂😂 Na ile ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo? "Hapana kupanda chukudu ya mtu hajakuonyesha breki yake." Wale baba walikuwa wanashuka kutoka Kibumba na kabichi na viazi, mzigo unamupita mtu urefu, na breki ni kipande cha tairi anakanyaga kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Mimi mpaka leo nikipanda pikipiki namuangalia dereva breki kwanza. Anakasirika, nashuka.

Tantine Faida, 19:40
Munacheka, lakini Januari 2002 lava ya volkano ilipopita katikati ya mji, tulikimbilia Gisenyi, kule Rwanda, bila kitu. Tuliporudi mawe bado yalikuwa ya moto chini ya viatu. Nilitaka kushuka mu kile chumba cha chini kutafuta sufuria zangu. Koko akasimama mulangoni. Akasema sufuria zinauzwa soko. Nilimuchukia wiki nzima.

Neema, 19:44
Shida ni hii, Tantine: mutoto wangu nikimuambia hapana kuinama anauliza juu ya nini. Sisi hatukuuliza.

Tantine Faida, 19:46
Muambie basi. Sisi hatukuuliza juu tuliogopa fimbo, si juu tulikuwa na akili.

Yaya Bahati, 19:47
Kabisa. Na muonyeshe. Washa mshumaa mfupi mu beseni, changanya bikaboneti na siki pembeni yake. Utazimika bila mtu kupuliza. Wanafunzi wangu hawasahau.

Kuhusu kiwanja: kesho saa kumi na mbili tunaenda, tunasimama barabara ya juu, hatushuki. Tutaangalia kama kuna kuku. Tutauliza wamama wa pale, komisioneri tumuache alale. Na Neema, ulipoenda uliona kibao chenye kichwa cha mifupa?

Neema, 19:51
Kibao hapana. Kuna nguzo moja mu kona, imesimama peke yake.

Christian, 19:51
Nguzo ya nini sasa 😳

Tantine Faida, 19:52
Njo hiyo nusu ya bei.

Neema, 20:05
Nimemuandikia komisioneri nikamuuliza juu ya mazuku. Hajajibu hilo. Anasema bei inaweza kushuka tena.

Tantine Faida, 20:06
Muambie alale pale usiku moja, chakula tutaleta sisi. Tutakipitishia barabara ya juu.